Tepu ya Kushonea na Yeremia 29:11

Mimi ni fundi cherehani hapa Mafinga, mkoani Iringa. Tangu nikiwa na miaka 19 kazi yangu ni kupima mabega, viuno na vifua vya watu, na mteja akiniambia "wewe bana tu, nitapungua," mimi hufuata tepu. Lakini mwaka 2017, kwa wiki saba nzima, niliikunja tepu hiyo nikaifungia kwenye kopo la biskuti. Ilikuwa inanionyesha jambo nisilotaka kulijua kuhusu kichwa cha binti yangu, na nilikuwa nimeambiwa kwamba kumpima ni kukosa imani.

Naandika haya kwa ajili ya mzazi ambaye leo yuko ndani ya wiki zake saba. Pengine una karatasi ya rufaa chini ya godoro, na umeweka mstari wa Biblia juu yake ili usiione.

Binti yangu alizaliwa Aprili 2017, kilo 3.1, mzunguko wa kichwa sentimita 35. Nesi aliandika kwenye kadi na kila kitu kilikuwa sawa. Wiki ya tatu akapata homa, akaacha kunyonya. Tulilazwa siku kumi akichomwa sindano, akapona, tukarudi nyumbani tukashukuru kanisani. Baadaye sana ndipo daktari alipotueleza kuwa maambukizi ya namna ile kwa mtoto mchanga yanaweza kuacha makovu ndani ya kichwa. Ubongo una majimaji yake, hutengenezwa kila siku na hutakiwa kupita kwenye njia zake hadi yanyonywe na damu. Njia ikiziba, majimaji hayaachi kutengenezwa. Kwa kuwa mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga bado haijaungana, kichwa kinatanuka, na ubongo unabanwa humo ndani. Ndiyo huo ugonjwa watu wanaouita kichwa kikubwa.

Mimi niliuona kwenye kofia. Nilikuwa nimemshonea kofia tatu za flaneli, zenye kamba za kufungia kidevuni. Mwishoni mwa mwezi wa pili kamba hazikufika. Nikajisemea amenenepa, nikafumua mshono wa nyuma, nikaongeza kipande. Baada ya siku kumi na mbili nikafumua tena kofia ileile. Fundi akishaongeza kitambaa mara mbili mahali pamoja, anajua. Nikachukua tepu: 42. Wiki iliyofuata: 43 na nusu. Mtoto wa miezi ile huongezeka kichwa kama sentimita mbili kwa mwezi, na wangu alikuwa anakimbia. Utosi wake ulikuwa umekaza kama ngozi ya ngoma hata akiwa ametulia, nimemkalisha wima. Macho nayo yalikuwa yanashuka chini, weupe unaonekana juu ya mboni, mfano wa jua linapozama nyuma ya misitu.

Nesi wa kliniki hakunificha. Alipima, akapima tena, akaandika rufaa ya kwenda mkoani. Akanishika mkono akasema, "Mama, usilale na karatasi hii."

Nililala nayo wiki saba.

Wanaouliza kwa nini mzazi anachelewa huwa wanadhani ni ujinga, kwa hiyo niseme ukweli ulivyokuwa. Kwanza ni hela. Mume wangu alikuwa anapakia mbao kwa malipo ya siku, akikosa siku moja hakuna kitu. Pili ni maneno. Ndugu mmoja wa upande wa mume aliniuliza mbele ya watu, "Mlimkosea nani?" Wengine walinyamaza lakini wakaacha kumpokea mtoto mikononi. Tatu ni hofu. Niliposikia kwamba atatobolewa kichwa, mwili uliniisha nguvu. Mtu aliye katika hali hiyo hahitaji kudanganywa sana. Yeye mwenyewe anatafuta wa kumdanganya.

Nilimpata. Shangazi alinipeleka kwa mtumishi mmoja aliyekuwa anafanya mikutano ya maombi mji wa jirani. Alinipokea vizuri, akamshika mtoto kwa upole, hilo silisahau. Kisha akafungua Yeremia 29:11: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Mstari huo ulikuwa kwenye kalenda ukutani kwangu, juu ya cherehani. Nilikuwa nausoma kila siku nikishona. Akasema Mungu anayemuwazia mwanangu mema hawezi kuruhusu apasuliwe kichwa. Nisiutamke ugonjwa. Nisimpime, kwa kuwa kila nikipima ninakubaliana na adui. Nipande mbegu, yaani nimtolee Mungu sadaka ya hela, na Jumapili ya tatu nitaleta ushuhuda.

Niliuza ovaloki yangu, mashine ya kumalizia kingo za nguo, nikapanda shilingi 250,000. Hakuna aliyenilazimisha. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi, nikaimba nikipika, na usiku ule nililala fofofo kwa mara ya kwanza baada ya wiki kadhaa. Hili ndilo ninalotaka mzazi mwenzangu alijue: amani ile ilikuwa tamu kweli, na ilikuwa inamharibu mwanangu. Tangu siku hiyo siamini tena kwamba kila utulivu ninaousikia moyoni ni jibu la Mungu. Wakati mwingine ni nafuu ya kuacha kutazama.

Sisemi kuombea wagonjwa ni kosa. Yakobo 5:14 inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa, wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Binti yangu alipakwa mafuta baadaye, na akiugua kesho nitawaita tena. Mfalme Hezekia aliomba, akaahidiwa na Mungu miaka 15 zaidi, na nabii Isaya, yuleyule aliyemletea ahadi, akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Isaya hakuona tini zinaipunguza ahadi. Kosa letu lilikaa kwenye neno moja tu, "usipime." Ukisikia mtu anakuombea huku anakukataza kupima, kuuliza au kwenda hospitali, beba mtoto wako uondoke. Huna haja ya kugombana naye, wewe ondoka.

Jumapili ya tatu ilipita, ikaja ya tano. Mtoto alianza kutapika bila kucheua, maziwa yanaruka. Akawa analala mchana kutwa, na akiamka analia kilio chembamba cha juu, kisichofanana na kilio cha njaa. Nilikuwa namvisha kitenge kichwani badala ya kofia. Mume wangu alirudi kutoka msituni baada ya wiki mbili, akamfungua kile kitenge, akamtazama. Hakusema neno. Akatoka nje, akakaa juu ya rundo la mabanzi mpaka giza likaingia.

Kesho yake alimleta mwinjilisti wa mtaa wetu, mzee ambaye alinifundisha kipaimara. Nilijua amekuja kunikaripia, nikajiandaa na mistari yangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nipe huyo mjukuu."

Akampakata muda mrefu akimpepea nzi. Kisha akainua macho kwenye kalenda. "Huo mstari ni mzuri. Barua yenyewe umewahi kuisoma yote?"

Sikuwa nimewahi. Nimelelewa kanisani, nimeimba kwaya miaka minane, na sikujua kwamba ule mstari ni sehemu ya barua. Akafungua Biblia yake, akaanzia nyuma zaidi, sura ya 28. Watu wa Yuda walikuwa wamechukuliwa mateka hadi Babeli, na nabii mmoja aliyeitwa Hanania akasimama hekaluni akatangaza kwa jina la Bwana kwamba katika miaka miwili mizima vyombo vya hekalu na mateka wote watarudi. Yeremia aliposikia alisema, "Amina, Bwana na atende hivyo." Mzee akanyanyua kidole hapo. "Unaona? Hata Yeremia alitamani iwe kweli. Kutamani siyo dhambi." Lakini haikuwa kweli. Sura inayofuata Yeremia anawaandikia mateka barua: jengeni nyumba mkae ndani yake, kapandeni bustani mkale matunda yake, oeni, zaeni, uombeeni amani mji ule mliochukuliwa. Itakuwa miaka 70. Halafu ndipo unakuja mstari wa kalenda yangu, na unaanza na "maana." Mimi nilikuwa nausoma kama vile hakuna kitu kabla yake.

"Mtu wa miaka 40 aliyesomewa barua hii," mzee akaniuliza, "angerudi Yerusalemu?"

Nikahesabu. "Hapana. Angekufa hukohuko."

"Na Mungu alikuwa anamuwazia nini, mtu huyo?"

Sikujibu, kwa sababu nilianza kulia. Kwa wiki saba nilikuwa nimeamini kwamba mawazo ya amani ya Mungu maana yake ni kututoa Babeli upesi, na kama hatutoki basi ama Mungu hatuwazii mema au imani yangu imepungua. Na hapa Mungu anasema anawawazia amani watu ambao wengi wao watazikwa ugenini, na amani yenyewe inaanzia kwenye bustani za palepale, kwenye mboga watakazozipanda kwenye udongo wasioupenda. Ahadi ya Hanania ilikuwa kama kuwaambia wasipande. Ya nini kulima mahali unapoondoka baada ya miaka miwili?

Mzee akasema, "Sasa ilete ile tepu."

Nikalifungua kopo. Tukampima pamoja, yeye akishika ncha moja nyuma ya kisogo: 47 na nusu. Akaiandika kwa penseli ndani ya jalada la kitabu chake cha nyimbo, pamoja na tarehe. "Haya, tuombe," akasema, "tukijua tunachokiombea."

Jumuiya walichanga shilingi 165,000 jioni ileile. Mkoani walituona siku hiyohiyo tuliyofika, wakatupa rufaa ya Dar es Salaam, MOI, taasisi ya tiba ya mifupa na ubongo iliyo ndani ya eneo la Muhimbili. Tulipanda basi la alfajiri. Kwenye miteremko ya Kitonga mtoto alitapika mpaka nikaishiwa khanga, na dada mmoja aliyekaa nyuma yetu akafungua begi lake akanipa ya kwake mpya, yenye karatasi ya dukani bado. Hatukujuana na hatujaonana tena.

Hospitalini nilipotea kwa siku nne kwa kutokujua utaratibu, kwa hiyo hapa nitaeleza taratibu. Sera ya nchi yetu ni kwamba mtoto wa chini ya miaka mitano atibiwe bure katika vituo vya serikali, lakini ukifika utakuta kuna vitu mnaandikiwa kulipia. Sisi tulitakiwa tulipe kipimo cha CT, picha ya kuonyesha ndani ya kichwa, na nilianza kupiga simu nyumbani wauze kuku. Mama mmoja wodini ndiye aliyeniambia kuna ofisi ya ustawi wa jamii palepale hospitalini, na kwamba niende na barua ya serikali ya mtaa, kadi ya kliniki na karatasi ya rufaa. Barua sikuwa nayo. Mume wangu alilazimika kuiomba kwa mwenyekiti wa mtaa kwa simu, ikaja na dereva wa basi. Afisa wa ustawi alitusikiliza, akatupunguzia sehemu kubwa. Kwa hiyo kabla hujapanda basi, chukua barua ya serikali ya mtaa, hata kama unadhani hela inatosha. Picha za CT ukipewa, ni zako, zitunze zisikunjwe, utaziombwa tena na tena. Na usiende peke yako kama kuna namna yoyote, maana kuna foleni ya dirishani na kuna mtoto wa kushika, na huwezi vyote viwili.

Pamoja na nauli, chakula, dawa za kununua nje na siku ambazo mume wangu hakupakia mbao, hadi operesheni ya kwanza tulikuwa tumetumia karibu shilingi 900,000, bila kuhesabu ile 250,000. Deni tulimaliza baada ya miaka miwili. Tuligombana sana ndani ya miaka hiyo, na mara nyingi ugomvi ulianza na ovaloki na kuishia kwenye wiki saba.

Wodi ile ilikuwa na akina mama wa kila kona ya nchi. Nesi mmoja aliposikia lafudhi yangu akanisalimia "Kamwene," salamu ya kwetu, nikatamani kumkumbatia. Kitanda cha jirani kulikuwa na mama kutoka Kigoma na mtoto wake wa kiume wa miezi mitano. Kila usiku, taa zikizimwa, aliimba taratibu nyimbo za kanisani kwao, na watoto wa upande wetu wote walinyamaza. Huyo ndiye aliyenielekeza ustawi wa jamii. Yeye hakuchelewa kama mimi, alikuja mara tu alipoona dalili, na imani yake ilikuwa imara kuliko ya mtu yeyote niliyewahi kukaa naye. Mwanawe alifariki usiku wa kuamkia Alhamisi.

Asubuhi alikunja khanga zake moja moja, akaniachia beseni lake. "Utalihitaji," akasema. Sikuwa na neno la kumwambia. Kama ningekuwa bado na mafundisho niliyopanda mbegu kwayo, ningelazimika kuamini kwamba alikosa imani, au kwamba Mungu alimuwazia mwanangu mema na wa kwake mabaya. Nilimsindikiza hadi getini nimebeba beseni mikononi, nimesahau kuliweka chini. Yote ninayoamini leo kuhusu upendo wa Mungu nayapitisha kwanza kwenye geti lile. Likiwepo neno ambalo nisingeweza kumwambia mama yule, silisemi kwa mtu mwingine pia.

Usiku wa kabla ya operesheni nilisoma Zaburi ya 13. "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele? Hata lini utanificha uso wako?" Kuna "hata lini" nne katika mistari miwili tu. Nilizisema zote nne kwa sauti, nikaongeza za kwangu. Sikuwa nimewahi kumwomba Mungu kwa hasira, nilidhani atanichukia. Nilipomaliza mwanangu alikuwa anaugua uleule na mimi nilikuwa na hofu ileile, lakini sikuwa naigiza tena. Wiki saba nilikuwa nimemletea Mungu mwanamke ambaye si mimi, mwanamke mwenye ushindi.

Daktari alitueleza kazi yenyewe kabla ya kusaini. Wangeweka mpira mwembamba unaoanzia ndani ya kichwa, unapita chini ya ngozi nyuma ya sikio, unashuka shingoni na kifuani hadi tumboni, maji yateremke huko na mwili uyanyonye. Una kilango kidogo cha kuzuia yasitoke kwa kasi. Alituambia kuna njia nyingine kwa baadhi ya watoto, ya kuingiza kamera ndogo na kuyatengenezea maji njia mpya bila kuacha mpira, lakini kwa hali ya binti yetu walichagua mpira. Njia hiyo ya kamera kwa watoto wachanga iliendelezwa miaka ya 2000 na daktari wa Kimarekani, Benjamin Warf, akiwa kwenye hospitali ya Kikristo kule Mbale, Uganda. Mpira unaweza kuziba wakati wowote, na mtoto anayeishi mbali na hospitali anaweza kufa njiani, ndiyo maana alitafuta njia nyingine. Nilipolijua hilo baadaye nilifikiri sana. Kabla sijaolewa, kuna mtu alikuwa anakosa usingizi Mbale kwa ajili ya mtoto aliye mbali na hospitali na mama yake asiye na nauli. Mimi nilipokuwa nangoja mawazo ya amani ya Mungu yashuke kama radi Jumapili ya tatu, yalikuwa yamekwisha kupita kwenye vichwa na mikono ya watu.

Nilimuuliza daktari swali ambalo lilikuwa linanila. "Ningekuja wiki saba nyuma?"

Akafunga faili. "Ingekuwa bora," akasema. "Kilichokwisha kubanwa hatuwezi kukirudisha. Tunazuia kisiendelee. Lakini umemleta."

Namshukuru mpaka leo kwa kutonidanganya. Hatia ile nimeishi nayo, na kilichonisaidia ni Yohana 9. Wanafunzi wanauliza ni yupi aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake, hata azaliwe kipofu. Yesu anajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Ugonjwa wa mwanangu haukuwa adhabu kwa kosa la mtu. Kuchelewa kulikuwa kosa langu, hilo nililitubu kwa jina lake. Ilinichukua muda kuvitenganisha hivyo viwili, na ningependa wewe usichukue muda mrefu kama mimi. Usitubu usichokifanya, wala usikwepe kutubu ulichokifanya.

Operesheni ilikwenda vizuri, tukarudi Mafinga. Wiki ya tisa, saa tatu usiku, akapata homa, akatapika mara tatu, akawa mzito kuamka, na nyuma ya sikio mstari wa mpira ulikuwa mwekundu. Hatukungoja asubuhi. Ilikuwa maambukizi. Waliutoa mpira, wakampa dawa za mishipa kwa wiki mbili na zaidi, kisha wakamwekea mwingine. Kama mwanao ana mpira, ziweke kichwani dalili hizi: homa isiyoeleweka, kutapika, usingizi usio wa kawaida, kichwa kuuma kwa aliye mkubwa, degedege, utosi kukaza tena, au wekundu na uvimbe popote mpira unapopita. Ukiziona, nenda usiku huohuo. Mwaka wa kwanza ndio wenye matatizo zaidi. Mimi nilizibandika ukutani chini ya kalenda, na Yeremia 29 nikaiandika upya kwa mkono, kuanzia mstari wa 4.

Waliotusaidia zaidi nyumbani hawakuwa na maneno mengi. Wifi yangu alikuja siku mbili kila wiki kufua. Fundi mwenzangu, ambaye kibiashara tunagombania wateja walewale, alichukua sare za shule nilizokuwa nimepokea kwa mkopo akazishona, akanipa hela yote. Walioniambia "Mungu ana makusudi yake" wakiwa wamesimama mlangoni walikuwa wanasema kweli, nadhani, lakini sikuwa na mkono wa kuipokelea kweli hiyo, mikono yangu ilikuwa na nepi.

Binti yangu ana miaka minane sasa. Alitembea akiwa na miaka mitatu, mguu wa kushoto anauburuta kidogo, anavaa miwani, kusoma bado kunamsumbua. Anaimba kwaya ya watoto na anakumbuka beti zote. Kuna wakati niliombwa kutoa ushuhuda kanisani, na mtu mmoja akanishauri niiache ile sehemu ya wiki saba kwa kuwa inavunja watu moyo. Nilikataa. Niliisimulia yote, pamoja na ovaloki, pamoja na mama wa Kigoma. Ibada ilipokwisha mama kijana alinivuta nyuma ya kanisa, akafungua kofia ya mtoto wake, akaniuliza kama ninayo tepu. Huwa ninayo, shingoni. Tulimpima mara mbili, na kadi yake ya kliniki tukailinganisha. Alikuwa sawa kabisa, tukacheka na kulia palepale kwenye vigae.

Watu huniuliza kama bado naamini Mungu ananiwazia mema. Naamini kuliko zamani, na siyo kwa sababu mambo yalikwenda nilivyotaka. Kwenye Isaya 49:15 Mungu anauliza kama mwanamke aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye, kisha anajibu mwenyewe: "Naam, hawa waweza kusahau, lakini mimi sitakusahau wewe." Zamani nilidhani hilo ni la akina mama wabaya. Mimi nilimpenda mwanangu kwa moyo wangu wote, na bado niligeuza uso nisimtazame wiki saba. Yeye hakugeuza. Alimtazama kwa macho ya nesi wa kliniki, ya mume wangu aliyefungua kitenge, ya mzee aliyeomba tepu iletwe.

Januari hii nilikuwa namshonea sare mpya. Shingo ya blauzi yake huwa naongeza vifungo viwili mgongoni ili ipite kichwani bila kugusa mahali kilango kilipo, nyuma ya sikio la kulia, pale kidole kinapohisi kivimbe kidogo kama punje ya mahindi chini ya ngozi. Siku hizi ncha ya tepu anaishika mwenyewe. Aliizungusha juu ya nyusi, mimi nikaivuta kisogoni.

"Ngapi, mama?"

"Hamsini na tatu."

Akachukua penseli, akaandika kwenye daftari langu la vipimo, chini ya mabega na kiuno, ile tatu ikiwa imegeukia upande usio wake.